Kamera kali, picha mbovu: tatizo liko wapi?

Umepata kamera kubwa. Labda umejichanga, labda kaka yako kaja nayo kutoka Dubai, labda ni hela ya mafao ya mzee, mi sijui na hainihusu. Ni Sony A7 IV au Canon R5 au Nikon Z8, ina lenzi ya 24-70 f/2.8 na labda 85 f/1.4, umechaji betri, umepiga familia nzima sebuleni, alafu ukaziweka picha zako pembeni ya za simu ya shemeji na za simu zikashinda. Hapo ndo watu wengi wanaanza kutafuta mteja wa kumuuzia.

Usiuze kwanza. Simu unapobonyeza mara moja inakuwa imechukua picha kadhaa, imezichanganya, imenyanyua sehemu za giza, imelainisha ngozi na kuongeza rangi, yote hayo kabla hujashusha mkono. Kamera kubwa haikufanyii hivyo. Inakupa ulichoagiza, na kama hukujua umeagiza nini bado inakupa hichohicho, tena kwa megapikseli 33 au 45 kwa hiyo kila kosa linaonekana vizuri zaidi.

Sasa kabla ya yote jifunze kitu kimoja, kusoma namba za picha. Fungua picha kwenye kamera, bonyeza DISP au INFO mpaka uone spidi ya shata (mfano 1/125), tundu la lenzi (f/2.8), ISO (namba ya usikivu wa kamera kwa mwanga), na milimita za lenzi. Mtu akinitumia picha mbovu akaniuliza "kaka hii kamera ina shida gani" mi naomba hizo namba nne kwanza, manake mara nyingi jibu limekaa palepale. Na ukishapata unachokishuku badili kitu kimoja tu, piga tena, angalia. Ukibadili vitu vitano kwa mpigo picha ikawa nzuri hutajua ni kipi kilikuwa kinaiharibu, na Jumamosi ijayo utarudi palepale.

"Picha hazijatulia, ukikuza zina ukungu"

Hili ndo lalamiko namba moja na watu wanaweka magonjwa manne kwenye jina moja. Kuza picha mpaka 100% alafu jiulize: ni KITU GANI kiko safi?

Chukua picha ya aina hii, kila mtu anayo: ukumbini, saa tatu usiku, bibi harusi anaingia na wapambe wanacheza, namba zinasema 1/40, f/2.8, ISO 400. Ukikuza unaona kapeti iko safi, miguu ya viti iko safi, maua ya mezani unahesabu petali, lakini sura ya bibi harusi imevutika pembeni kama rangi mbichi iliyopitishwa kidole. Kapeti kuwa safi maana yake mkono wako haukutikisika. Bibi harusi ndo alikuwa anatembea na 1/40 ni pole mno kwa mtu anayetembea. Kile kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya kamera, ambacho muuzaji alikisifia sana, kinatuliza mikono yako wewe, hakiwezi kumtuliza anayecheza mbele yako.

Dawa: panda mpaka 1/250. Kutoka 40 kwenda 250 ni mara sita na robo, kwa hiyo mwanga umepungua mara sita na robo, na ISO nayo ipande hivyohivyo, 400 inakuwa 2500. Basi. Hapo wengi wanaogopa, wamesikia ISO isizidi 800. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za kamera za zamani, hizi za sasa zenye sensa kubwa ISO 3200 wala hustuki na 6400 inapita vizuri tu. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa zinasafishika kwenye kompyuta, sura iliyovutika hairudi hata umlipe nani.

Spidi ninazoanzia mi ni hivi: watu wamesimama wanapozi 1/125, wanatembea 1/250, watoto wanakimbia 1/500, mtu anacheza singeli 1/800 na bado mkono unaweza kukukimbia.

Kama hakuna kitu chochote kilicho safi, kila kitu kimevutika upande uleule, hapo ni mkono wako. Kanuni ya wazee ni spidi isiwe chini ya 1 gawanya kwa milimita za lenzi, yaani lenzi ya 200mm isipungue 1/200. Ukiwa na megapikseli 45 au 61 mi naongeza mara mbili mpaka nimezoea. Kifaa cha kutuliza kitakusaidia kushuka chini ya hapo kwa vitu visivyojongea, jengo, meza ya chakula, pete.

Kama kuna kitu kiko safi lakini sio sura, kwa mfano sikio liko safi na jicho halipo, au maiki iko safi na MC hayupo, hiyo ni fokasi. Na hapa ndo lenzi ya bei mbaya inapokugeuka. 85mm ikiwa f/1.4 na mtu yuko mita mbili, sehemu iliyo safi mbele mpaka nyuma ni kama sentimita nne na nusu tu. Akiegemea kidogo, au we ukipumua ukarudi nyuma, jicho limeshatoka. Ukiweka f/4 unapata kama sentimita 13, kichwa karibu chote kinaenea. Familia ya mistari miwili unaipiga f/1.4 kwa sababu umelipia f/1.4? Mstari wa nyuma wote, mabibi na mababu, wataonekana kama wamepigwa kupitia pazia. Nenda f/5.6 au f/8, wasogeze wabanane, piga. Ile mandhari laini ya nyuma sio lazima iwepo kwenye kila picha jamani.

Alafu ingia kwenye setingi za fokasi. Kwa watu wanaojongea weka AF-C kwa Sony na Nikon, Servo kwa Canon, yaani fokasi inayomfuata mtu mfululizo. Washa utambuzi wa macho na uhakikishe umechagua binadamu, manake hizi kamera zina modi ya binadamu, ya wanyama, ya ndege, nyingine mpaka magari, na ukiiacha kwenye ya wanyama usishangae inamkosa bwana harusi. Bila utambuzi wa macho, ukiwa kwenye eneo pana, kamera mara nyingi inadaka kilicho karibu: glasi, shada la maua, bega la mpambe.

Na angalia swichi ya pembeni ya lenzi, ile ya AF (fokasi ya kamera yenyewe) na MF (fokasi ya mkono). Ikisuguana na kitu ndani ya begi inahamia MF bila kukuuliza, we unabonyeza tu na kamera inapiga tu.

Ugonjwa wa nne ni ukungu kweli. Picha nzima nyeupenyeupe, taa zina duara kubwa, hamna weusi wowote. Futa kioo cha mbele, kidole cha mtoto kinatosha kufanya hivyo. Kama umefunga filta ya bei chee mbele ya lenzi ya mamilioni itoe upige tena bila hiyo. Na kama uko Zanzibar au Mombasa umetoka chumba chenye AC ukaenda nje, kioo kinalowa palepale, hewa yenye unyevu imekutana na kioo cha baridi. Usifutefute na usibadili lenzi muda huo. Dawa ni kuanza mapema: ukiwa bado ndani funga kamera kwenye begi lake au mfuko wa plastiki, toka nayo nje, iache kama nusu saa ipate joto la nje ndo ufungue.

"Sura zinatoka nyeusi tii, shela na kanzu ziko sawa"

Hili nalikuta sana huku kwetu na lina sababu yake. Mita ya kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga unaorudi na kujaribu kuufanya uwe wa katikati, kijivu. Mbele yake ukiweka kanzu nyeupe, ukuta mweupe na shela, yenyewe inaona "mwanga umezidi" na inashusha kila kitu, na mwenye ngozi yetu anashuka zaidi. Kinyume chake ni suti nyeusi kwenye ukumbi wenye giza, kamera inapandisha kila kitu na paji la uso linang'aa jeupe.

Kwa hiyo kanzu na ukuta mweupe ongeza eksposha, ile ya alama ya +/-, anza na +0.7 mpaka +1. Suti nyeusi gizani punguza, -0.7 hivi. Alafu fungua histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha wenye giza kushoto na weupe kulia, uangalie mlima wake usigongane na ukuta wa kulia, manake kanzu ikishaungua ikawa nyeupe tupu nyuzi na darizi zake hazirudi. Ukiwa unapiga RAW (faili ghafi) una nafasi ya kunyanyua sura baadae, JPEG (picha ambayo kamera imeshaipika) inakubana.

Na hapa kuna mtego ambao hauhusiani na mita kabisa: kioo cha nyuma cha kamera. Usiku ukumbini macho yako yamezoea giza, kioo kinaonekana kinawaka, unasema picha zimetoka, unapiga usiku mzima, kesho kwenye laptopu zote giza. Mchana juani ni kinyume, kioo kinaonekana giza unaongeza mwanga mpaka unaunguza. Kwa hiyo kioo kitumie kutazama nani kafumba macho, mwanga uulize histogramu.

Kama sura ni nyeusi kwa sababu mtu amekaa mbele ya dirisha, mgeuze. Ni bure.

Saa sita mchana ni kesi nyingine. Dar jua linapita utosini kabisa mwanzoni mwa mwezi wa 3 na karibu tarehe 10 mwezi wa 10, na hata miezi mingine halikai mbali sana na hapo, kwa hiyo macho yanakuwa mashimo mawili meusi na pua ina kivuli mpaka mdomoni. Hakuna setingi ya kutibu hilo. Ingia barazani, kaa ukingoni mwa kivuli sura ikitazama nje, au tumia flashi kujaza. Chini ya mwembe pia sawa ila angalia ngozi, majani yanarudisha rangi ya kijani na bibi harusi anatoka kama ana homa ya manjano, msogeze mpaka ukingoni.

"Kuna mistari mistari kwenye picha" / "nusu ya picha nyeusi"

Haya mawili watu wanayachanganya.

Mistari ya mlalo inayojirudia, mingine ya kahawia au zambarau, ni taa. Taa nyingi za LED zinawaka na kuzima haraka jicho lisione, na umeme wetu ni wa 50Hz kwa hiyo taa nyingi zinapigapiga mara 100 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki, ile ya kimyakimya ambayo umeiwasha uonekane mstaarabu kanisani, inasoma sensa mstari kwa mstari na kila mstari unakuta taa iko kwenye hali tofauti. Hamia shata ya mekaniki, washa kipengele cha kuzuia kumetameta kwenye menyu, na ukiweza shuka 1/100. Aliye Marekani, umeme wa kule ni 60Hz, atumie 1/60 au 1/125. Z8 haina shata ya mekaniki kabisa, sensa yake inasomwa haraka sana kwa hiyo shida ni ndogo, ila ina setingi yake ya metameta za kasi ya juu ambayo unasogeza spidi kidogokidogo mpaka mistari ipotee. Screen kubwa za LED za jukwaani nazo zinataka hivyohivyo, kusogezasogeza, hazifuati umeme wa ukutani.

Nusu nyeusi, au bamba jeusi juu au chini, na ulikuwa na flashi? Umepita spidi ambayo flashi inaendana nayo na shata, kwenye hizi kamera ni 1/200 au 1/250. Pazia la shata lilikuwa limeshaanza kufunga flashi ilipowaka. Rudi 1/200, au washa HSS (modi ya flashi kwa spidi kubwa) kama flashi yako inayo ukijua nguvu yake itapungua sana.

Rangi za ajabu

Picha zote za bluu? WB, setingi ya kusawazisha rangi ya mwanga, imebaki kwenye alama ya balbu toka jana. Zote za machungwa? Imebaki kwenye kivuli au mawingu. Irudishe AWB, ile ya kujipangia yenyewe, uendelee na maisha.

Sura upande mmoja njano upande mwingine bluu ni taa mbili tofauti, dirisha kulia na balbu kushoto, zima moja. Ila ukumbi ambao mpambaji kamwaga LED za zambarau kila kona, usijisumbue na WB. Mwanga ule hauna rangi nyingine ndani yake, sasa kamera itoe wapi kahawia ya ngozi? Unahitaji mwanga wako mwenyewe, flashi ya kudundisha kwenye dari kama dari ni nyeupe na sio ya mita kumi, au taa ya video pembeni. Vinginevyo geuza picha ziwe nyeusi na nyeupe useme ndo staili yako, wengi tunafanya hivyo.

"Picha zimepauka, kama zimefuliwa"

Jibu la kwanza: unapiga RAW. Kwenye kamera unaona picha iliyokwishapambwa, kwenye kompyuta programu inakuonyesha ghafi. Sio ugonjwa, inabidi uipike mwenyewe au upige RAW+JPEG wakati unajifunza.

Jibu la pili linawapata waliofuata "setingi bora" za YouTube. Kwenye Sony kuna Picture Profile, na PP8 ni S-Log3, imetengenezwa kwa ajili ya video itakayopakwa rangi baadae. Dalili yake ni kwamba kila kitu kijivu NA kamera inakataa kukupa ISO ya chini ya kawaida, inang'ang'ania 800 kwenda juu. Ukiona hizo mbili pamoja zima PP. Canon wana Log yao, Nikon pia.

Kompyuta inakwambia faili haifunguki? Kamera ni mpya kuliko programu. Lightroom 6 ya mwaka 2015, ambayo bado inazunguka kwenye fleshi za watu, haiwezi kusoma RAW za kamera hizi. Pakua Adobe DNG Converter, ya bure, inageuza RAW kuwa DNG ambayo programu za zamani nyingi zinaelewa. Au tumia ya mtengenezaji, Canon wana DPP, Nikon wana NX Studio, Sony wana Imaging Edge, zote bure na watu wanazidharau bila sababu.

"Inapiga kidogo alafu inaganda"

Kamera iko busy, taa nyekundu inawaka, bwana harusi keshambusu mkewe we bado unasubiri. Ni kadi.

Piga hesabu ya R5: RAW moja ni karibu MB 45, na shata ya kielektroniki inapiga mpaka picha 20 kwa sekunde, yaani sekunde moja tu ni kama MB 900. Kadi yenye alama ya V30 inahakikisha MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde yako moja inataka nusu dakika ya kuandikwa. V60 ni 60, V90 ni 90. Ile namba kubwa iliyochorwa mbele, 170 au 200, aghalabu ni spidi ya kusoma, haikusaidii hapa, tafuta hiyo V ndogo. CFexpress, aina nyingine ya kadi, ni kasi zaidi ila kuna Type A na Type B na haziingiliani, A7 IV inakula A, R5 na Z8 zinakula B, uliza kabla ya kulipa manake zote bei yake sio ya mchezo.

Kama picha zinapotea au faili zinakuwa nusu picha nusu kijivu, shuku kadi feki. Inaandikwa GB 256 kumbe ndani ni 32, ikijaa inaanza kujiandikia juu. Ipime kabla ya kazi, kwenye Windows kuna H2testw, Mac na Linux kuna F3, zinajaza kadi nzima na kuisoma tena, inachukua muda lakini unajua. Alafu kila ukianza kazi fomati ndani ya kamera, sio kwenye kompyuta, ukishahakikisha picha za juzi umezihamisha. Na kama kamera ina nafasi mbili za kadi iseti iandike zote mbili kwa pamoja, harusi haina rudia.

R5 ikizima katikati ya video ya 8K ni joto. Canon wenyewe ilipotoka 2020 walitaja dakika 20 kwa nyuzi 23, sasa we uko Tanga mchana. Piga 4K ya kawaida.

Vidogovidogo ambavyo vinapeleka watu kwa fundi bure

Ukichungulia unaona ukungu lakini picha ziko safi: pembeni ya kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo cha nguvu ya macho, kizungushe mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri. Mara nyingi kuna mtu kakigusa.

Inagoma kupiga kabisa: hamna kadi, au kadi imefungwa na kile kilock cha pembeni, au fokasi haijashika kwa sababu uko karibu mno, lenzi nyingi za 85mm zinataka angalau sentimita 80 hivi.

Pembe nne za picha nyeusi, au megapikseli zimepungua zenyewe: umefunga lenzi ya sensa ndogo kwenye kamera ya sensa kubwa. A7 IV inashuka kutoka 33 mpaka 14 hivi, R5 kutoka 45 mpaka 17. Sio kosa la kamera, ila ukinunua lenzi ya mtumba uliza.

Madoa meusi ya duara palepale kwenye kila picha, hasa angani ukiwa f/11 au f/16: vumbi kwenye sensa. Pampu ya kupulizia, kamera imetazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka na hapo ndo unampa fundi hela kweli. Kama uko pwani na unaona nyuzinyuzi kama utando ndani ya lenzi, ni fangasi, hiyo haitoki kwa pampu. Kinga yake ni kutoifungia kamera kwenye begi kabatini miezi mitatu, weka kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko na silica gel, unyevu kwenye 40 mpaka 50% hivi.

Porini

Wanaokwenda Serengeti au Mikumi na 200-600 mpya wanarudi na simba laini na kulaumu lenzi. Kabla ya lenzi kuna vitu vitatu. Injini ya gari: mwambie dereva azime, mtetemo unapanda mpaka kwenye mkono. Mahali pa kuegemeza: mfuko wa maharage au mchele dirishani unashinda tripodi ndani ya gari. Na joto: kuanzia saa nne hivi asubuhi hewa juu ya nyasi inachemka, mnyama aliye mita 300 anatoka kama yuko chini ya maji hata uwe na lenzi ya bei ya nyumba. Hilo halina dawa zaidi ya kumsogelea au kurudi saa kumi na moja jioni. Na ile modi ya utambuzi, sasa ndo iwe ya wanyama.

"Kwangu nzuri, kwa mteja mbovu"

Umemtumia kwa WhatsApp kama picha. WhatsApp imeiminya. Tuma kama dokumenti au mpe linki ya Google Drive. Na usimpe RAW, hawezi kuifungua, atakupigia saa tano usiku.

Ukishamaliza yote na bado

Sasa ndo pima kamera yenyewe. Bandika kurasa za gazeti ukutani zienee fremu nzima, kamera kwenye tripodi ikitazama ukuta sawasawa, zima kituliza mtikisiko, weka taimeri ya sekunde 2, piga f/2.8 alafu f/8. Kuza kona zote nne. Kona zote kulegea kidogo kwenye f/2.8 ni kawaida na f/8 zinatakiwa kukaza. Upande mmoja tu ukibaki umelegea mpaka f/8, funga lenzi nyingine upige tena: upande huo ukipona, lenzi ya kwanza ina kasoro, labda ilianguka safarini. Ukibaki uleule na lenzi zote mbili, shida iko kwenye mwili wa kamera. Kabla hujampa mtu bisibisi soma karatasi ya waranti uone kama inakubalika nchi uliyopo au ni ya kule iliponunuliwa tu. Na ukienda kwa fundi beba lenzi zote mbili na faili zenyewe kwenye kadi, sio screenshot za kwenye simu.